Springi za Nyuma, Kutoka Tisa Hadi Moja

Nyakasanza, mtaa wetu hapa Bunia, haina uwanja wa mbio za magari. Ina vumbi, ina mawe, ina pikipiki zinazokupita kushoto na kulia kwa wakati mmoja, na ina garaji za uwani ambamo hakosi kijana anayeapa kwamba Corolla yake ikipata "kitu kidogo tu" itakwenda kushindana Uganda. Tusimcheke mapema. Ng'ambo ya Ziwa Albert mchezo huu una heshima yake: Charles Muhangi wa Uganda alitwaa ubingwa wa rali wa Afrika mwaka 1999, na mwaka 2011 Susan Muwonge akawa mwanamke wa kwanza kuwa bingwa wa rali wa nchi hiyo. Majirani wanaweza, Bunia tumekosa nini?

Tumekosa springi. Kijana wetu, ambaye huniita yaya, yaani mkubwa wake, na kwa hiyo hujiona ana haki ya kunikopa, alianza pale wanapoanza wote: ekzosi ya kelele. Kisha akabandika namba mlangoni. Sehemu ya nyuma aliikumbuka siku gari lilipokaa chini mtaroni likakataa kuinuka. Papa fundi akachungulia, akasonya, akatoa hukumu: "Resori zimekufa." Yaani springi. Tangu hapo springi za kila ukoo zimeletwa uani kwake. Nimezipanga kuanzia ile ambayo ningeikimbia hadi ile ambayo ningeilipia.

9. Iliyokatwa kwa msumeno

"Tunakata mzunguko mmoja tu," akasema papa fundi.

"Na kidole, papa, utakata kimoja tu?"

Hakucheka, kwa sababu kidole kimoja kweli hana.

Kukata kunashusha gari, hilo halina ubishi. Lakini springi yenye mizunguko sita inayofanya kazi, ukiitoa mmoja, inakuwa ngumu zaidi kwa asilimia 20, na papo hapo umeinyang'anya nafasi ya kushuka. Umepewa ugumu ambao hukuuomba, ukapokonywa mwendo ambao unauhitaji. Tena ncha iliyokatwa haikai vizuri kwenye kikalio chake: gari likiruka na gurudumu likaning'inia, springi inaweza kuchomoka ikaenda kuishi maisha yake. Na kama mtu amekata kwa moto wa gesi, ule uimara uliopatikana kiwandani kwa kuchoma chuma na kukipoza kwa kipimo umeondoka sehemu ile. Kilichobaki ni nondo.

8. Iliyopachikwa raba katikati

Muuzaji anasema inapandisha gari. Ni kweli, inapandisha. Inafanya hivyo kwa kuzuia mizunguko miwili isisogee, ili ile mingine ifanye kazi ya wote, na springi inapochoka huvunjika jirani na raba. Kwa teksi inayokwenda sokoni na magunia, Mungu awabariki. Tuendelee.

7. Ya gari kubwa kuliko lako

"Yaya, springi za Land Cruiser hazivunjiki."

"Chini ya gari lako hazitavunjika kweli. Hazitatembea hata kidogo."

Hapa ndipo pesa nyingi za vijana hupotea, kwa hiyo tukae kidogo. Ugumu wa springi ya koili hutegemea unene wa waya, upana wa koili na idadi ya mizunguko. Unene ndio mkorofi wao, kwa sababu ugumu hupanda kwa unene uliozidishwa kwa wenyewe mara nne. Toka waya wa milimita 12 uende wa milimita 13, mengine yote yabaki kama yalivyo: springi imekuwa ngumu zaidi kwa karibu asilimia 38. Milimita moja! Jicho halioni kitu, kiuno kinaona kila kitu.

Basi ukimtuma mtu soko la Kisekka, Kampala, usimwambie alete "ngumu kidogo". Mwandikie unene wa waya, kipenyo cha koili, idadi ya mizunguko, na urefu wa springi ikiwa haijabeba kitu. Asipokuwa na kipimo cha milimita, mwambie arudi na mkate tu. Mkate angalau tutakula.

Na gurudumu lisilotembea lina hasara gani? Likikutana na jiwe, linainua gari zima badala ya kujiinua lenyewe, kisha linabaki hewani. Tairi lililo hewani halisukumi, halishiki breki, halikati kona. Linazunguka tu likitumia petroli yako, na petroli ya Bunia unaijua bei yake.

6. Malame yaliyoongezwa

Nazungumzia vile vyuma bapa vya pick-up, kirefu juu ya kifupi. Kwanza niyatetee: malame si aibu. Ford Escort ilitoka kiwandani ikiwa nayo nyuma, na ikashinda Safari Rally mwaka 1972 mikononi mwa Hannu Mikkola, dereva wa kwanza kutoka nje ya Afrika Mashariki kushinda mashindano hayo, na tena mwaka 1977 mikononi mwa Björn Waldegård. Anayedharau malame amedharau wakubwa.

Ila sisi hatuongezi lame kwa ajili ya Waldegård. Tunaongeza kwa ajili ya kakao ya Mambasa. Gari la rali halibebi kakao. Linabeba watu wawili, matairi ya akiba na jeki. Ukiongeza lame mbili, gari tupu linakaa limeinua mkia, na malame yanasuguana yenyewe kwa yenyewe kiasi kwamba kibonde kidogo hakiyasogezi kabisa. Jambo jingine: malame yana kazi mbili, kubeba uzito na kushikilia ekseli. Ukikanyaga mafuta kwa nguvu, ekseli inataka kujizungusha, malame yanapinda, yanajiachia, yanapinda tena, na nyuma inaanza kurukaruka kabla hata hujaondoka mahali. Dawa ni kuongeza mikono ya kushikilia ekseli na kupaka grisi kati ya malame. Kuzidisha chuma hakusaidii.

"Tukiongeza mbili, gari halitalala tena," papa fundi akasisitiza.

"Halitalala, na aliye ndani naye hatalala."

5. Nyekundu, mpya, kutoka Dubai, za kushusha gari

Zilikuja na sanduku lenye picha ya gari linalopita pwani. Kijana alizishika kwa mikono miwili.

"Yaya, hizi ni za michezo."

"Mchezo gani? Wa kwenye lami au wa Bogoro?"

Springi hizi si mbovu. Zimekosea tu mkoa. Zimetengenezwa fupi na ngumu kwa ajili ya lami laini, ambako gari likikaa chini linakata kona bila kulalia upande mmoja. Gari la kawaida lina nafasi ndogo ya kushuka nyuma kabla ya kugonga kizuizi cha raba. Ukilishusha sentimita 4, umekula sehemu kubwa ya nafasi hiyo ukiwa bado umeegesha. Kwenye Boulevard de la Libération watu watakugeukia. Kwenye mteremko wa Bogoro kuelekea Kasenyi, mawe ndiyo yatakayokugeukia. Nikauliza rangi nyekundu inaongeza kilomita ngapi kwa saa. Swali hilo halijajibiwa hadi leo.

4. Zilezile za kiwandani, lakini mpya

Hapa kijana alinuna. Amesafiri kote huku kwa ndoto, mimi namrudishia springi ya teksi? Ndiyo, mdogo wangu. Springi ya kiwandani iliyo mpya inaipita kila kitu tulichotaja hadi sasa, na historia iko upande wake.

Tazama Peugeot 404. Gari la familia, la daktari, la bwana shamba. Lilisifika kwa springi laini na magurudumu yenye mwendo mrefu wa kupanda na kushuka, na likashinda Safari mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Mara mbili za katikati dereva alikuwa Bert Shankland, mkazi wa Tanzania. Ile ya kwanza na ya mwisho ni Nick Nowicki wa Kenya. Miaka hiyo miwili ya Nowicki ndiyo ile ya matope ambayo bado inasimuliwa: kila mara magari saba tu ndiyo yaliyomaliza, mwaka 1968 kati ya 93 yaliyoanza. Magari yenye nguvu zaidi yalikuwapo. Yalikuwa yamelala mitaroni yakisubiri trekta.

Joginder Singh naye, mwaka 1965, alishinda na ndugu yake Jaswant katika Volvo PV544 iliyokwisha kutumika, gari ambalo wengine walikuwa wamemaliza nalo shida zao. Kijana alipolisikia hilo akaitazama Corolla yake upya, ile yenye usukani kulia katika nchi inayopita kulia, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuomba kubadilishiwa kitu.

Lakini "za kiwandani" maana yake ziwe nzima. Zilizomo sasa zimebeba watu saba kwa miaka isiyojulikana. Zitoe zote mbili, zisimamishe mezani pamoja. Moja ikiwa fupi kuliko mwenzake, usizihamishe upande ukadhani umetatua. Umehamisha matatizo kutoka kwa abiria kwenda kwa dereva.

3. Za hatua mbili

Ni zile ambazo mizunguko imebanana upande mmoja na kuachana upande mwingine. Mzigo mdogo unaipata laini. Mzigo ukizidi, mizunguko iliyobanana inagusana na kunyamaza, iliyobaki inakuwa ngumu. Kwa mtu mwenye gari moja la kazi na la mbio, ni jibu la busara. Kasoro yake ni kwamba springi ina tabia mbili na shokapu ina moja, hivyo daima kuna mahali ambapo haielewani na mwenzake. Kuikokotoa nako ni shida. Papa fundi anaipenda kwa sababu, asema, "inafikiri yenyewe". Ndiyo maana mimi siipendi sana.

2. Iliyopimwa kwa magunia mawili ya simenti

Sasa tumefika penye kazi. Hakuna kompyuta inayohitajika. Inahitajika tepu ya kupimia, na magunia mawili ya simenti ya kilo 50 ambayo jirani anayejenga atakuazima akiapishwa kwamba hayatapasuka.

Weka gari kwenye hali ya mashindano: viti vya nyuma nje kama utavitoa, matairi ya akiba ndani kama utayabeba, mafuta kiasi utakachoanzia. Lita 40 za petroli ni kama kilo 30, na nyingi ya hizo ziko nyuma, usizisahau. Likandamize gari kwa mikono mara kadhaa, uliache litulie. Pima kutoka katikati ya gurudumu la nyuma hadi ukingo wa bodi juu yake. Usipime kutoka chini, maana tairi nalo linabonyea na litakudanganya. Kisha weka magunia mawili juu ya ekseli ya nyuma, katikati, likandamize tena, pima tena.

Kila gurudumu limeongezewa kilo 50. Bodi ikishuka milimita 25, basi pale kwenye gurudumu una kilo 2 kwa kila milimita. Hiyo namba ndiyo mwanzo wa mazungumzo yote, na ni namba ambayo kijana wetu, pamoja na ekzosi yake, hakuwahi kuwa nayo.

"Na hiyo namba inaniambia nini, yaya?"

Tuseme springi ya upande mmoja imebeba kilo 230 za gari. Gawanya kwa 2: gari limeikandamiza kama milimita 115 likiwa limesimama tu. Springi iliyokandamizwa kiasi hicho hupandisha na kushusha bodi karibu mara moja na nusu kwa sekunde. Gari la kawaida la abiria huwa kati ya mara moja na moja na nusu. Gari la mbio za lami lisilo na mabawa linakwenda kama mara mbili. Kwa barabara ya udongo na mawe, mimi ningeanzia hapo penye moja na nusu. Ukipanda hadi kilo 3 kwa milimita, mkandamizo unabaki milimita 77 na mtikisiko unafika karibu 1.8 kwa sekunde. Hapo meno ya bandia yavuliwe kabla ya kuondoka.

Kuna mtego mmoja. Namba tuliyopima ni ya gurudumu, na dukani wanauza springi. Kwenye gari ambalo springi iko karibu kabisa na gurudumu, kama Corolla nyingi zenye springi iliyozunguka shokapu, tofauti ni ndogo. Lakini ikiwa springi imekaa ndani kwenye mkono, gurudumu likitembea sentimita 10 springi ikatembea 7, hesabu hufanywa mara mbili: 0.7 kwa 0.7, inabaki nusu kasoro. Ili upate kilo 2 kwenye gurudumu, utanunua springi ya kilo 4 na ushee. Wengi hununua ya 2, wanashangaa gari linalala. Wengine husikia kisa hicho wakanunua ya 8.

Halafu uliza gari linavutwa na magurudumu gani. Kama ni ya mbele, kama Corolla yetu, nyuma ikiwa ngumu kidogo kuliko mbele inasaidia mkia uzunguke kwenye kona, maana gari la namna hiyo kwa kawaida linapenda kwenda moja kwa moja hata ukilisihi. Kama linasukumwa na ya nyuma, fanya kinyume: lainisha nyuma ili tairi ling'ang'anie udongo, la sivyo kila kona utaitoka ukitazama ulikotoka. Subaru inayovuta kote iko katikati, na mwenye nayo huwa hasikilizi ushauri.

Papa fundi alifuatilia hesabu yote akiwa kimya. Mwisho akasema, "Haya nilikuwa nayajua kwa mkono." Naamini. Amekandamiza magari mengi kuliko sisi wote. Shida ni kwamba mkono wake hauwezi kutumwa Kampala na karatasi.

1. Ile laini kati ya mbili zilizobaki, pamoja na shokapu inayoiweza

Kila anayechagua kwa uaminifu huishia na springi mbili zinazoingia akilini: moja ya 2, nyingine ya 2.5. Chukua ya 2. Ngumu hudanganya, kwa kuwa inatikisa na kupiga kelele, na dereva akitikiswa huhisi anakimbia. Saa ya mkononi ya aliye kando mara nyingi inasema kwamba aliondoa mguu kwenye mafuta kila alipoona jiwe. Kwa pigo kubwa la mara mojamoja kuna kizuizi cha raba mwishoni; nunua kipya, kirefu, cha raba laini, kifanye kazi yake.

Pesa uliyookoa kwenye springi nyekundu iende kwenye shokapu. Springi inapokandamizwa hutunza nguvu, na ni lazima irudishe. Shokapu ndiyo inayoamua irudishe kwa adabu au kwa teke. Nyuma ikikosa adabu, gari likitua baada ya kuruka hutupa mkia juu na kutumbukiza pua. Na shokapu inafanya kazi hiyo kwa kugeuza mtikisiko kuwa joto: mafuta yake yakichemka na kutoa povu, springi uliyoichagua kwa hesabu inabaki bila mlinzi.

Hata wenye fedha za kiwanda hawako salama. Juni 2021, Safari iliporudi kwenye ubingwa wa dunia baada ya miaka 19, Thierry Neuville wa Hyundai aliamka Jumapili akiongoza kwa karibu dakika nzima. Katika hatua ya Loldia, jirani na Ziwa Naivasha, shokapu ya nyuma kulia ikavunjika na mbio zake zikaishia hapo. Ushindi ukaenda kwa Sébastien Ogier wa Toyota. Springi, shokapu, upande mmoja, nyuma: ndiyo tunayojadili uani hapa, isipokuwa wao walikuwa na lori la vipuri.

Kwa kupima kama umepatia, funga kikamba cha plastiki kwenye fimbo inayong'aa ya shokapu, kikaze kiguse mwili wake, nenda ukaendeshe, kisha tazama kimesukumwa hadi wapi. Kikifika mwisho kila mara, springi ni laini mno, au gari limekaa chini mno. Kikibaki na theluthi ambayo haijaguswa hata baada ya mashimo yale unayoyajua, umenunua ngumu. Jaribio lenyewe lifanywe mchana, mahali ambapo watu wa vizuizi vya barabarani wamepewa habari. Mkoa wetu wa Ituri, uliowekwa chini ya utawala wa kijeshi Mei 2021, si mahali pa kukikimbilia kizuizi kwa kasi ukiwa na ekzosi ile.

Kijana amekubali yote: springi ya 2, shokapu mpya, raba mpya. Ameomba jambo moja tu, springi zipakwe nyekundu. Papa fundi amesema rangi anayo, ila ni ile ya kijani iliyobaki alipopaka mlango wa choo. Wamekubaliana kijani.